Simu ya Baba Kutoka Mgwashi: Shamba Likinunuliwa, Linakuwa la Nani?



Leo nawapandisha mlimani kidogo. Ukitoka Tanga au Dar ukafika Mombo, unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda kona kwa kona mpaka Soni, halafu unashika njia ya Bumbuli. Upande huo, kwenye chai, migomba na ukungu wa asubuhi, ndiko iliko Mgwashi. Zamani tulikuwa tukisema ni Lushoto basi, siku hizi kata hiyo iko chini ya Halmashauri ya Bumbuli. Mboga za milima ile zinashuka mpaka pwani, na vijana wake pia wanashuka. Wengine wanavuka maji, wanafanya biashara huku kwetu, na inshaallah wanakuja kuposa.

Kijana kama huyo, akishapata kazi na mke, kuna siku simu ya baba yake italia. "Mwanangu, jirani anauza kile kipande cha bondeni. Unaonaje?" Mke yuko jikoni anasikia nusu nusu. Anadhani ni mambo ya wanaume. Lakini jibu atakalotoa mumewe jioni ile linawagusa watoto ambao yeye bado hajawazaa.

Vijana wengi hujibu kwa bei. "Ghali hiyo, baba, mwambie apunguze." Au, "Subiri mwisho wa mwezi, nitatuma nusu." Mimi nasema bei ni swali jepesi. Swali zito, ambalo limewagombanisha watu wa milima ile tangu kabla ya Mzungu wa kwanza kufika, ni hili: shamba likishanunuliwa, litakuwa la nani? Twende na historia tuone.

Ufalme uliotokana na mtu aliyenyimwa urithi

Mnaijua habari ya Mbegha? Iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, na wazee wa Usambara wanaisimulia mpaka leo. Mbegha alikuwa mtu wa Nguu. Alizaliwa kigego, yaani meno ya juu yalitangulia kuota, na zamani mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa ni mkosi. Walipokufa watu wa nyumba yake, jamaa wakamnyima urithi kwa kisingizio hicho. Akaondoka na mbwa wake, akawa mwindaji, akapita pori kwa pori akiua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao ya watu. Wenyeji wa Usambara wakampenda kwa hilo, na kwa nyama aliyokuwa akiwagawia.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu. Watu wa Bumbuli walimpa Mbegha mke. Baadaye akaenda Vugha, akawa mfalme, na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala milima yote ile. Yule mke wa Bumbuli alimzalia mtoto jina lake Bughe. Wajomba wa mtoto wakataka huyo awe mtawala wao, kwa kuwa ni damu ya binti yao, na mwisho Bughe ndiye aliyeshika ufalme baada ya baba yake. Wanahistoria wengi wanayaweka mambo haya katika karne ya 18. Kwa hiyo ukiwa Mgwashi au Bumbuli na mtu akakwambia kwamba upande wa mama hauna neno katika mambo ya ardhi, mkumbushe huyo Bughe.

Na desturi ya Wasambaa ya mashamba ilikuwa na jambo ambalo ningependa mabibi harusi walielewe vizuri. Mume mwenye wake zaidi ya mmoja alimpa kila mke mashamba yake. Mashamba hayo yalikuwa ya "nyumba" ile, yaani ya mama yule na watoto wake. Mama alilima, akalisha wanawe, na wanawe wa kiume wakayarithi. Mume hakuwa na ruhusa ya kuchukua shamba la nyumba kubwa na kulipeleka nyumba ndogo kimyakimya. Akifanya hivyo, vijana wa nyumba kubwa watamsimamia, na wazee watakuwa upande wao. Hata mali iliyotoka kwenye mazao ya nyumba ile ilihesabiwa ni ya nyumba ile. Mahindi ya mama yameuzwa, ndama amenunuliwa, ndama amekua na kubadilishwa kwa kipande cha ardhi: kipande hicho kina mama yake.

Sisemi desturi ile ilikuwa ya haki kamili. Mjane mwenyewe hakuwa mrithi, na binti alihesabiwa kuwa atapata kwa mumewe. Lakini swali la "la nani" lilikuwa linaulizwa. Kijana mtu mzima alikuwa na haki ya kumuuliza baba yake, tena kwa adabu, fedha ya kununulia imetoka nyumba gani. Siku hizi fedha inatoka kwenye simu, na hakuna anayeuliza.

Karatasi zilipopanda mlimani

Wajerumani walipokuja walikuja na karatasi. Amri yao ya mwaka 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe anayeweza kuthibitisha ni mali ya serikali yao. Fikirieni mkulima wa mlimani, shamba lake limepumzishwa miaka kadhaa ili udongo urudishe nguvu, na mgeni anapita anaandika kwamba hapa hapana mtu. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, walowezi wakagawiwa mashamba, misitu ikazuiwa.

Kuna kisa kimoja cha wakati ule ambacho hunichekesha na kunisikitisha pamoja. Miaka ya 1890 kampuni za Kijerumani zilikimbilia Usambara Mashariki, sehemu za Derema na jirani zake, kupanda kahawa. Waliona msitu mnene wa kijani wakaamini kwamba udongo wa chini ni tajiri kama ulivyo msitu wa juu. Haukuwa hivyo. Msitu ukishakatwa, udongo ule ulichoka upesi, na kahawa ikawavunja moyo kabla ya miaka mingi kupita. Fedha nyingi zilizama pale. Walikuwa na hati, walikuwa na ramani, na kila aina ya muhuri. Mtu ambaye babu yake alilima pale hakuulizwa.

Nimekitaja kwa ajili ya yule kijana wa simu. Wapo vijana wakishakaa mjini wanajiona wanajua kuliko baba. Kwenye hati na mihuri pengine kweli anajua zaidi. Lakini baba ndiye anayejua kipande kipi kinatuama maji masika, mteremko upi unaporomoka, na ni wapi paliwahi kuzikwa mtu. Ushauri wa shamba ni wa watu wawili, kila mmoja ana nusu yake.

Waingereza nao wakaja na Sheria ya Ardhi ya 1923, wakasema ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Gavana. Baada ya vita ya pili wakaanzisha mradi wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, kisha ukasambazwa Usambara: watu walilazimishwa kulima kwa matuta kwenye miteremko. Na nani alikuwa na jembe? Wanawake. Kazi ilikuwa ngumu mno, na wengi waliogopa kwamba wakishamaliza kuyatengeneza mashamba yatachukuliwa wapewe Wazungu. Watu waligoma, wakashitakiwa, wakatozwa faini, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ukaachwa, wakati TANU tayari imeshika mioyo ya watu. Jirani na hapo Bumbuli kuna kumbukumbu nyingine ya zama zile, msitu wa Mazumbai, uliokuwa mali ya mlowezi hadi alipoukabidhi kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968. Leo uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Baada ya uhuru ardhi ikabaki ya umma, akaikabidhiwa Rais kwa niaba ya wananchi. Kwa miaka mingi kisheria uliuza ulichopanda na kujenga, ardhi tupu ikachukuliwa haina bei. Watu wa mlimani waliendelea kuuziana tu, mbele ya wazee, kwa mpaka wa masale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ambayo ilianza kutumika Mei 2001, ndiyo iliyokuja kuyaweka mambo haya sawa kwa vijiji kama vya Mgwashi. Mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Na mauzo lazima yapite halmashauri ya kijiji. Hili la mwisho vijana wengi wa mjini hawalijui. Wanaona karatasi ya daftari iliyosainiwa na mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, wanadhani kazi imekwisha. Mahakama ya Rufani ilishasema wazi kwamba ardhi ya kijiji ikiuzwa bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji, mauzo hayo ni batili.

Huku visiwani, dada zangu, msichanganye. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi ya mwaka 1992 na tuna Mahakama ya Kadhi. Ya Bara ni mengine kabisa, na ndiyo maana bi harusi wa Unguja anayeolewa na mtu wa mlimani anatakiwa ayajue.

Mirathi kwa kitabu kipi?

Hapa ndipo roho yangu inapouma. Wasambaa wengi ni Waislamu, alhamdulillah. Baba anaswali, anafunga, watoto wameozeshwa na sheikh. Basi sisi huku tunadhani akifa, shamba litagawiwa kwa faraidh na habari imekwisha. Dada, haiendi hivyo moja kwa moja.

Bara zipo njia mbili zinazogongana hapo. Upo mwongozo wa sheria za kimila wa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, ulioandikwa kwa makabila yanayofuata upande wa baba. Ndani yake mjane hana fungu katika mali ya mumewe, atatunzwa na wanawe. Binti yuko daraja la tatu, la mwisho, na shamba la ukoo hawezi kuliuza. Na ipo sheria ya Kiislamu, ambayo mahakama inaitambua. Marehemu akiwa Mwislamu na kabila lake lina mila zake, mahakama huangalia maisha aliyoishi na matamshi au maandishi aliyoacha, ili ijue alitaka mali yake ifuate njia ipi. Sasa mzee aliyeswali msikitini lakini kila jambo la ardhi akaliamua kwa mila, bila kuandika chochote, anaacha mlango wazi. Mwenye sauti kubwa kwenye kikao cha ukoo atapita hapo.

Tofauti si ndogo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mke aliyeachiwa na watoto ana thumni, na kama wako wengi wanagawana hiyo hiyo. Binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Mjane wa faraidh ana fungu lake mwenyewe linalojulikana kwa hesabu, hata kama wanawe wana roho ngumu. Mjane wa mwongozo wa 1963 anategemea huruma.

Mahakama zetu zimeanza kusogea. Mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya, ilisikiliza kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Alipoliuza, mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kusema mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akakataa mila hiyo, akasema mwanamke ana haki ileile ya mwanamume. Kabla yake, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ilitamka kwamba kazi ya nyumbani ya mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi wanaishia hapo kusimulia. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mume alishampa fedha za biashara naye zikamwishia mkononi. Jina lake limewasaidia wanawake wengine kuliko lilivyomsaidia yeye.

Ndiyo maana yule kijana, kabla ya kusema habari ya bei, angesema hivi: "Shikamoo, baba. Alhamdulillah kwa nia hiyo. Ila naomba tuongee na mama akiwepo. Shamba hili tunaliandika kwa jina la nani? Na Mungu akitanguliza mmoja wetu, ungependa ligawiwe vipi?" Kwa mzee wa mlimani maneno haya yanaweza kusikika kama kijana anamngojea afe. Itategemea adabu yake. Ni vizuri aanze na lake: "Mimi nikitangulia, baba, fedha yangu iliyomo ihesabiwe hivi." Ukianza na kifo chako mwenyewe, mkubwa hakasiriki.

Mshauri naye ana lake

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawapendi kulisikia. Mtoto anayemshauri baba mara nyingi naye ana maslahi. Katuma nusu ya fedha. Hakusema kama ni zawadi, mkopo au ushirika. Baba anajua moyoni kwamba mwanawe kamsaidia. Kijana anajua moyoni kwamba ana shamba Mgwashi. Wadogo zake waliobaki nyumbani, wanaopalilia na kulinda mazao, wanajua moyoni kwamba shamba ni la baba, kwa hiyo ni la wote. Na mke wa kijana, aliyejinyima kitenge cha Idi ili fedha iende, hakuna anayejua moyoni mwake mna nini. Sisi mafundi tunakichora kitambaa kwa chaki kabla ya kukikata. Watu hawa wote wanakata bila kuchora.

Zawadi kwa mzazi ni ibada kubwa, na ukishatoa umetoa. Ukisema mkopo, Suratul Baqara aya ya 282 imetuamrisha tuandike na tuweke mashahidi. Ukisema ushirika, mafungu yatajwe. Na baba akitaka kulihamishia shamba zima kwa yule mtoto mwenye fedha akiwa bado hai, akumbuke habari ya Nu'man bin Bashir, iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Baba yake alimpa zawadi. Mama yake, Amra bint Rawaha, akasema haridhiki mpaka Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, awe shahidi. Baba akaenda. Mtume akamuuliza kama watoto wake wengine wote amewapa mfano wa hiyo. Akasema hapana. Akaambiwa amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake, naye akarudi akaichukua zawadi yake. Nawaomba mmuangalie mama. Mtoto aliyekuwa anapewa alikuwa wake, na hata hivyo ni yeye aliyetaka shahidi. Sharti lake ndilo lililowafikishia watoto wengine uadilifu.

Kwa hiyo bi harusi, simu ile ikilia, usinyanyue sauti na usijifanye hukusikia. Msubiri mumeo ale, umuulize kwa upole fedha inayokwenda imeitwa jina gani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa haki mwenza aliyechangia kwa kazi yake katika ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwenzake, lakini haki hiyo ni rahisi kuisimamia ikiwa na maandishi kuliko ikiwa na machozi. Na kule nyumbani kwao, mama mkwe wako naye aitwe kwenye kikao. Amelima miteremko ile maisha yake yote, anaijua mipaka, na mara nyingi hajawahi kuulizwa.

Namalizia na shamba la Khaybar. Sayyidna Umar, radhiya Allahu anhu, alipata ardhi huko, mali ambayo hakuwahi kupata iliyo bora kwake kuliko hiyo. Hakuamua peke yake, alikwenda kwa Mtume kuomba ushauri. Akaelekezwa kwamba akitaka alizuie shamba lenyewe na mazao yake yawe sadaka. Akaliweka wakfu: haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi, na mazao yake ni ya maskini, jamaa, wasafiri na wageni, na msimamizi anakula kwa wema. Yote haya yakaandikwa na yakashuhudiwa. Aliyetusimulia kisa hiki ni mtoto wake wa kiume, Abdullah. Na jina lililoandikwa katika hati ile kuwa msimamizi wa shamba kwa muda wote wa uhai wake, kama ilivyopokewa kwa Abu Daud, ni la binti yake, mama yetu Hafsa, na baada yake wenye rai njema katika ahali zake.